Jumbe Tuliyemzika Alirudi Kuwasha Taa

Nilikuwa nakula chakula cha mchana kazini, simu nimeiegemeza kwenye kopo la plasta, nilipomwona Shangazi amesimama mbele ya kaburi lake mwenyewe.

Sikuwa nimesinzia. Ilikuwa mchana kweupe, feni inazunguka, wenzangu wanabishana mpira mlangoni. Na yeye yuko pale kwenye kioo cha simu yangu. Joho lake la manjano. Fimbo yake mgongoni. Jina lake linaelea juu ya kichwa kama zamani.

Shangazi yule yule tuliyemzika. Risala ya msiba niliisoma mimi.

Kijiko kikabaki hewani.

Ngoja niwaeleze vizuri, maana najua wengine hamchezi gemu na mtasema huyu dada kachanganyikiwa.

Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Daktari anakaa mbele na wagonjwa, ananiletea vipimo vya fizi, mimi niko chumba cha nyuma na plasta, nta na msasa. Kutwa nashinda na midomo isiyo na wenyewe. Ndiyo maana mtandaoni wananiita Gego.

Gemu yenyewe ni ya dunia ya kale. Panga, wachawi, mazimwi, misitu isiyo na mwisho. Tunaingia watu chungu nzima, kila mmoja na mhusika wake.

Ila wenye gemu hawakuweka serikali. Mkitaka mji, jengeni. Mkitaka kiongozi, chagueni. Mkishindwa kuelewana, mazimwi yatakuja kuwapatanisha.

Mji wetu unaitwa Ukingo. Una ukuta, kisima, ghala na ukumbi wa baraza. Kiongozi tunamwita Jumbe, na Jumbe ndiye mwenye muhuri. Baraza likipiga kura ya kumfukuza mtu, kura hiyo ni maneno tu mpaka Jumbe agonge muhuri. Akishagonga, lango halikufungukii tena. Unabaki nje na mazimwi, na huko hakuna mjadala.

Mume wangu huwa ananicheka. Anasema nimeolewa na yeye lakini moyo uko kwenye nchi isiyo na choo.

Acha acheke. Ukingo nilikuta watu.

Siku yangu ya kwanza kwenye gemu nilikimbizwa na zimwi mpaka nikajitumbukiza ndani ya tanuri bovu la wafinyanzi, mbali kabisa na lango. Nimejikunja humo, sijui hata kutoka ni kubonyeza wapi. Akatokea mtu wa joho la manjano, peke yake, na mwenge. Akaniandikia: "Toka mwanangu, limeshaondoka."

Baadaye nikamwomba asimwambie mtu nilikojificha. Akaandika kwamba la tanuri tutabaki nalo yeye na mimi.

Huyo ndiye Shangazi. Ndiye aliyeuanzisha mji, ndiye Jumbe wetu tangu ukuta uko magotini.

Sauti yake hatukuwahi kuisikia. Kwenye baraza sisi tulikuwa tunaongea kwa maikrofoni, tunakatizana kama kuku, yeye anasikiliza kisha anaandika sentensi moja na ugomvi unaisha. Nilimchora kichwani kama mama wa makamo, mwenye miwani na kiti chake dirishani.

Na alikuwa na kazi moja ambayo hakumwachia mtu. Jua la kwenye gemu halikawii kuzama, na kila likizama lazima taa za ukutani ziwashwe, la sivyo mazimwi yanaona giza na kuparamia. Ni kazi ya kuchosha. Unazunguka ukuta mzima, taa moja moja. Shangazi, Jumbe mzima, alikuwa anaizunguka mwenyewe.

Mtu mmoja akamuuliza kwa nini asitume vijana. Akajibu kwamba akizunguka ndiyo anajua nani yuko nyumbani.

Basi. Ghafla akapotea.

Mwanzoni tukasema labda umeme, labda safari. Wiki zikapita. Mimi nilikuwa na namba yake ya simu, wachache tulikuwa nayo, nikamwandikia kumjulia hali. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili kimya. Mara ya tatu jibu likaja, lakini si lake.

"Mimi ni kaka yake. Huyo mliyemzoea hayupo tena. Naomba msiandike."

Niliusoma ujumbe ule nimesimama kwenye foleni ya maji ya kunywa pale kazini. Nikatoka kwenye foleni.

Nani ataendelea kumsumbua mfiwa? Nikaandika pole, nikawaambia wenzangu, tukalia. Mtu hujamwona sura, unamlia. Mpaka mume wangu aliacha kucheka siku hiyo.

Tukamzika Ukingo, karibu na kisima. Mafundi wetu wa mawe wakamchongea sanamu yenye joho lile lile, tukazungushia maua. Tulikuja wote. Hata mji jirani, ambao tulikuwa hatuelewani nao, walituma watu wakasimama nje ya lango, silaha chini.

Halafu ikaja kura, nikachaguliwa mimi. Muhuri ukawa mkononi mwangu.

Sikulala vizuri kwa furaha na hofu. Kiti cha mtu mwema ni kizito, kila ukikikalia unahisi bado kina joto lake.

Ndiyo tunafika pale mchana, na kijiko hewani.

Nilimwandikia: "Shangazi?"

Nikaandika tena: "Wewe nani?"

Hakujibu. Alisimama tu, ameitazama sanamu yake. Kisha akageuka, taratibu sana, si kama alivyokuwa akitembea. Alikuwa mtu wa mwendo wa haraka. Huyu alipiga hatua, akagonga ukingo wa kisima, akarudi nyuma, akagonga tena. Kama mtu anayepapasa ukuta wa chumba kisicho na dirisha.

Jua la gemu likaanza kuzama.

Akaenda kuwasha taa.

Nilizima simu, nikaiweka kifudifudi, nikaendelea na meno ya watu. Nikaharibu kipimo cha mzee mmoja wa watu, ikabidi aitwe upya.

Kumbe sikuwa peke yangu. Ndani ya siku chache mji mzima ulikuwa umemwona. Asubuhi, mchana, jioni. Hasemi. Haandiki. Anazunguka ukuta, anagongagonga mawe, anawasha taa. Akimaliza anarudi kusimama mbele ya kaburi.

Akikuona anakuja kwako. Hilo ndilo lililotutoa roho. Anakuja hadi uso kwa uso na mhusika wako, anasimama. Wewe unakimbia. Yeye anabaki pale ulipokuwa.

Watu wakaanza kupungua. Mwenye ghala, mama mmoja mcheshi ambaye alikuwa haishiwi vituko, aliniambia haingii tena mpaka lile jambo liishe, maana wanawe wamemsikia akipiga kelele jikoni. Wengine walifunga milango ya nyumba zao za kwenye gemu wakakaa ndani, wasitoke hata kuchota maji.

Na wengine walienda upande mwingine kabisa. Wakawa wanamfuata kwa mbali. Nikitoa amri, wanaangalia amesimama wapi. Nilitaka kuziba mlango wa nyuma ya ukuta, uliokuwa unaingiza mazimwi. Siku ya kazi tukamkuta amesimama pale mlangoni. Mafundi wakaweka nyundo chini. Wakasema Shangazi hataki.

Utaongoza vipi mji ambao maiti ana kauli kuliko wewe?

Mkuu wa walinzi wetu anaitwa Komeo. Kijana mwenye sauti nzito, mkali, lakini mji ule anaupenda kama mama yake. Yeye hakuamini mizimu. Alisema ni mwizi aliyeiba akaunti ya marehemu, labda jasusi wa mji jirani, anatupima. Alisema kumwacha mtu avae ngozi ya Shangazi ni kumtukana Shangazi kaburini.

Nilikuwa nimeshawaandikia wenye gemu wachunguze. Hawakujibu hata salamu.

Komeo akaitisha baraza. Hoja moja: afukuzwe.

Ilikuwa Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Mume wangu alikuwa anapiga pasi, mimi nimekaa mezani na kompyuta, spika nimeziacha wazi. Ukumbi ulijaa. Watu walizungumza kwa sauti ya chini kama wako msibani. Wazee wa baraza wakapiga kura mmoja mmoja, na wote wakasema afukuzwe. Hata mwenye ghala, aliyeingia siku hiyo kwa ajili ya kura tu, alisema afukuzwe, na sauti yake ilikuwa na machozi.

Mlango wa ukumbi ukafunguka.

Joho la manjano.

Aliingia kwa mwendo ule ule wa kupapasa. Akagonga nguzo, akaizunguka. Watu wakapasuka katikati kumpisha. Akaja mpaka mbele ya kiti changu, akasimama.

Nasikia pasi ya mume wangu inafoka mvuke, basi.

Komeo akasema, polepole, "Jumbe. Kura imepita. Gonga muhuri."

Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kitufe. Sitawadanganya, sehemu yangu moja ilitaka. Nikigonga, kinaisha. Kiti kinakuwa changu.

Lakini nilimtazama. Na kitu kikanijia, sijui kilitoka wapi. Tangu arudi, sisi wote tulikuwa tunamwandikia. Au tunakimbia. Hakuna hata mmoja aliyemsemesha kwa mdomo.

Nikawaomba wanyamaze. Nikasogeza maikrofoni.

"Shangazi," nikasema. "Kama unanisikia, usiandike kitu. Nenda tu ukasimame mlangoni."

Sekunde zikapita. Kisha akageuka. Akagonga nguzo. Akaizunguka. Akafika mlangoni, akasimama.

Ukumbi ukaguna.

"Rudi," nikasema.

Akarudi.

Mume wangu alikuwa ameacha pasi, amesimama nyuma yangu, mkono begani kwangu.

"Hata mwizi ana masikio," Komeo akasema. Na alikuwa sahihi.

Nikafikiri. Nikasema, "Shangazi, nipeleke uliponikuta siku ya kwanza."

Akatoka nje. Tukamfuata wote, mji mzima nyuma ya marehemu. Alipita kisima, akapita kaburi lake, akatoka langoni. Jua la gemu lilikuwa linazama, nyika yote imekuwa nyekundu. Aligonga mti, akarudi nyuma, akaupita. Akagonga mwingine. Komeo alitangulia na upanga nje, lakini nikaona si wa kumpiga Shangazi. Alikuwa anayazuia mazimwi yasimguse.

Akapotelea kwenye vichaka. Tukapenya.

Alikuwa amesimama kwenye tanuri la wafinyanzi.

Siri ile nilikuwa naijua mimi na mtu aliyekufa.

Nyuma yangu mume wangu akauliza kwa sauti ndogo kama niko sawa. Kwenye spika mtu alikuwa anasali. Mwingine alikuwa analia wazi wazi.

Nikasimama. Nikachukua simu. Ile namba niliyoombwa nisiiandikie, sikuandika. Nilipiga.

Ikaita kwa muda mrefu. Akapokea mwanaume, sauti imechoka.

Nikajitambulisha, nikamwomba radhi, nikamwambia mimi ni rafiki wa dada yake wa mtandaoni. Akasema ananikumbuka. Sikujua nianzie wapi, nikauliza swali la kijinga lililokuja mdomoni.

"Samahani kaka yangu. Dada tulimzika wapi? Yaani, ninyi. Mlimzika wapi?"

"Nani kazikwa?" akauliza.

"Dada yako."

"Dada yangu yuko hapa," akasema. "Nimemkalisha dirishani. Anacheza gemu lenu."

Nilikaa chini sakafuni.

Akanieleza. Ilikuwa kiharusi. Kilimkuta anaoga. Kilichukua mkono wa kulia na mguu, kikachukua maneno, kikachukua hata herufi. Ukimwandikia jina lake analitazama kama sisimizi wanaopita. Lakini akisemeshwa anaelewa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliagiza apewe kitu cha kushughulisha mkono wa kushoto. Kaka akakumbuka tableti yake. Gemu ikafunguka yenyewe.

"Siku ya kwanza alipofungua alipiga kelele," akasema. "Nikadhani mkono umemuuma. Tangu hapo anazunguka humo kutwa. Nilijua yuko peke yake tu."

Hakuwa peke yake. Alikuwa katikati yetu. Alifungua mji wake akakuta sanamu yake imezungushiwa maua. Akaenda kwa watu wake mmoja mmoja, uso kwa uso, na watu wake wakamkimbia. Hana herufi za kutuambia. Herufi zetu hazisomi. Kitu pekee alichobaki nacho ni kutembea na kuwasha taa.

Na ule mlango wa nyuma, niliokuwa nataka kuuziba? Ulikuwa mpana kuliko lango kuu. Kwa mkono mmoja, ndio aliokuwa anaweza kupita bila kugonga.

Nikamuuliza kaka yake kwa nini aliniambia vile, kwamba hayupo tena.

Akasema, "Dada, watu walikuwa wanapiga kila saa. Kazini kwake, majirani, ninyi. Kila mmoja nimweleze upya. Na mimi nilikuwa namtazama pale kitandani, yule dada yangu mwenye maneno, nikaona kweli hayupo. Sikusema amekufa."

Hakusema. Neno la kufa tuliliweka sisi.

Sikumlaumu. Nilimwomba tu niende.

Ni safari ya basi ya kutwa. Nilienda Jumamosi iliyofuata. Nyumba ya matofali, ngazi tatu za mlangoni zimewekewa mbao za kiti cha magurudumu. Kaka yake ni fundi wa magari, mikono ina mafuta, macho yamezama.

Shangazi alikuwa dirishani kweli. Lakini yule mama wa makamo mwenye miwani hakuwepo. Alikuwepo binti mdogo kwangu. Ningeweza kumwita mdogo wangu mbele za watu. Upande mmoja wa mdomo umeshuka. Tableti juu ya mto, kidole gumba cha kushoto kimetulia juu ya kioo.

Nilisema, "Shangazi, ni mimi. Gego."

Akanitazama mdomoni, akasikiliza sauti. Kisha uso wake ukafunguka upande mmoja.

"Hapa," akasema.

Ndiyo mara yangu ya kwanza kusikia sauti yake.

Kaka yake akanieleza kwamba ni neno lililobaki. Hilo tu. Ukimuuliza njaa, hapa. Maumivu, hapa. Akikasirika, hapa. Usiku akiota, hapa. Alisema kuna siku analichukia neno lile mpaka anatoka nje kwenda kukaa garini.

"Hapa," akasema tena Shangazi, akanishika kifundo cha mkono. "Hapa. Hapa."

Nililia kama mtoto, na yeye akawa ananipigapiga mkono, kama vile mgonjwa ni mimi.

Kabla sijaondoka nilimwambia muhuri ni wake, nitaurudisha. Akachukua mkono wangu, akaukunja ngumi, akausukuma kifuani kwangu. Nikaelewa.

Niliporudi nilieleza barazani kila kitu. Komeo alizima maikrofoni yake nusu nzima ya kikao. Alipoiwasha hakusema habari ya mwizi wala jasusi. Aliuliza kama Shangazi anatusikia sasa hivi. Nikamwambia yuko pale nyuma, karibu na nguzo. Akasema, "Shikamoo Shangazi," na sauti yake nzito ikakatika.

Tangu siku ile, jua likizama, Komeo anatangulia na mwenge ukutani, hatua chache mbele, anaongea: kushoto kidogo, nguzo hiyo, sawa, nyoosha. Na taa zinawaka moja baada ya nyingine.

Mimi nilibaki na jambo jingine.

Ukingo una nyumba nyingi zilizofungwa. Watu walioingia siku moja wakaacha, hawakuaga. Tulikuwa tunasema wamechoka gemu, wamepata kazi, wameoa. Mimi kama Jumbe nilikuwa nimeanza hata kupanga nyumba zao nizigawe kwa wageni.

Nilisimama mbele ya mojawapo nikashindwa kugonga muhuri. Nilitafuta namba ya mwenyewe kwa watu mpaka nikaipata, nikapiga wakati wa mapumziko ya mchana, plasta bado kwenye kucha.

Ilipokelewa kabla haijaita vizuri. Nikasema mimi ni Gego wa Ukingo, nampigia kumjulia hali tu.

Upande wa pili mtu akavuta pumzi ndefu. Kisha akasema, "Nilikuwa najiuliza ni nani atauliza."

Ndugu zangu, sijui ninyi mnaongoza nini. Labda familia, labda kikundi cha akina mama, labda chumba cha wafanyakazi wawili. Mtu wako akinyamaza, usitosheke na habari aliyokuletea mwingine. Piga mwenyewe, na akipokea, mpe muda wa kutafuta neno.